Ndege aliyeiangusha ndege: Simulizi ya kumpa mtoto mkifika Ngorongoro

KARATU. Mtoto anayependa ndege za kivita hujulikana mapema. Anajua majina ambayo baba yake hajawahi kuyasikia, anajua ipi ina kasi kuliko nyingine, na akishika simu ya mama anatafuta mchezo wa kurusha makombora.

Mzazi wa mtoto huyo anaweza kudhani Ngorongoro haina la kumwambia zaidi ya simba na faru. Kumbe pembezoni mwa kreta kuna kaburi la rubani wa miaka 24, na kisa chake kinaweza kujaza mazungumzo ya njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kutoka Arusha, barabara ya lami inapita Kisongo na Makuyuni, kisha inakata kulia kuelekea Mto wa Mbu. Baada ya hapo gari linapanda ukingo wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likibaki chini, hadi kwenye mashamba ya Rhotia na mji wa Karatu. Hapa familia nyingi husimama kunywa chai, kujaza mafuta na kuwavalisha watoto masweta.

Kutoka Karatu hadi lango la Lodoare si mbali. Ukishaingia, barabara inapanda katikati ya msitu wenye ukungu hadi kwenye kingo za kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Chini, kama mita 600, ni sakafu yenye ukubwa wa kilomita za mraba takriban 260. Watu hupiga picha, hushangaa, kisha huondoka. Wachache husimama kwenye mnara wa mawe wenye umbo la piramidi ulio kando ya barabara.

Bata mwenye milia ya punda

Aliyezikwa hapo ni Michael Grzimek, Mjerumani. Pembeni yake yapo majivu ya baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo aliyeongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambaye alifariki mwaka 1987.

Desemba 1957 baba na mwana waliruka kutoka Ujerumani hadi Serengeti kwa ndege ndogo aina ya Dornier Do 27. Kazi yao ilikuwa kuhesabu wanyama kutoka angani na kujua wanahamia wapi, wakati serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikipanga kubadili mipaka ya hifadhi.

Ndege hiyo ilipakwa milia myeupe na myeusi, ikafanana na punda milia anayeruka. Namba yake ya usajili ilikuwa D-ENTE. Herufi D ni ya Ujerumani, na "Ente" kwa Kijerumani ni bata. Kwa hiyo juu ya nyumbu wa Serengeti alikuwa anapita bata mwenye milia ya punda.

Kwa mtoto mpenda ndege, hapa ndipo pa kuongeza jambo. Do 27 haikuwa ndege ya watalii tu. Zaidi ya 400 zilinunuliwa na jeshi la Ujerumani Magharibi kwa kubebea watu na ujumbe, kwa sababu ziliweza kutua na kuruka kwenye kipande kifupi cha ardhi, hata penye majani. Sifa hiyo hiyo ndiyo iliyowafaa akina Grzimek porini.

Ndiyo iliyowafaa pia Wareno. Katika vita vya ukombozi vya Msumbiji, kati ya 1964 na 1974, walitumia ndege za aina hiyo hiyo kuwasaka wapiganaji wa Frelimo, ambao kambi zao za mafunzo zilikuwa hapa Tanzania. Injini ni ile ile na mbawa ni zile zile. Kilichotofautiana ni alichokuwa anatafuta mtu aliyekaa ndani.

Januari 10, 1959, Michael akiwa angani peke yake, ndege ya milia iligongana na tumbusi. Bawa liliharibika, ndege ikaanguka na rubani akafa. Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa viumbe wote wawili, kwa hiyo mtoto anaweza kuambiwa bila kukosea kwamba ndege aliiangusha ndege.

Filamu waliyokuwa wakiipiga baba na mwana, iliyobeba ujumbe kwamba Serengeti isife, ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 1960. Michael hakuiona siku hiyo.

Majina ya wanyama, kazi ya vita

Watoto hupenda majina, na majeshi nayo yanapenda majina. Tanzania ilipojenga kikosi chake cha anga baada ya Uhuru, wakufunzi wa Ujerumani Magharibi waliondoka mwaka 1965 kutokana na mvutano wa kidiplomasia, na Canada ikachukua nafasi yao. Ndege zilizokuja ziliitwa Otter, yaani fisi maji, na Caribou, mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Baadaye ikaja Buffalo, yaani nyati. Zote zilikuwa za kubeba watu na mizigo.

Ndege za Kisovieti zilipewa majina ya utani na nchi za Magharibi kwa kanuni rahisi: ya kivita huanza na herufi F, ya kudondosha mabomu huanza na B. Ndiyo maana MiG-17 iliitwa Fresco, MiG-21 ikaitwa Fishbed, na Tupolev Tu-22 ikaitwa Blinder.

Majina hayo yanasikika kama ya katuni, lakini Watanzania wenye umri wa babu na bibi wanazikumbuka ndege zenyewe. Mwaka 1978 MiG za Idi Amin zilishambulia mkoa wa Kagera. Zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka zikashindwa, likaja kulipuliwa kwa baruti zilizotegwa na watu. Askari wa JWTZ walizijibu MiG kwa kombora dogo la kubeba begani liitwalo Strela, neno la Kirusi lenye maana ya mshale.

Mwaka 1979 Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ilituma Tu-22 kulipua matangi ya mafuta jijini Mwanza. Mabomu yalikosa shabaha, yakaangukia kisiwa cha Saanane, kilichokuwa hifadhi ya wanyama, na kuua wanyama kadhaa. Ndege yenye kasi kuliko sauti, iliyotoka kwa mmoja wa washirika wakubwa wa Amin, ilikuja kuua swala.

Kisichoonekana kutoka juu

Hapo ndipo kisa cha Saanane na cha kaburi la Ngorongoro vinapokutana. Aliye juu huona mengi, lakini haoni yote. Grzimek na mwanawe walihesabu wanyama wakubwa zaidi ya 360,000, wakiwamo nyumbu wasiofika 100,000. Leo nyumbu wa Serengeti wanazidi milioni moja.

Lakini chini ya bawa walikuwapo pia Wamasai na ng'ombe wao. Mwaka huo huo wa 1959 eneo liligawanywa: Serengeti ikabaki ya wanyama, na wafugaji waliokuwa wakiishi humo wakahamishiwa Ngorongoro, eneo la watu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja. Mjadala haujaisha. Tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari, huku baadhi ya wakazi na watetezi wa haki wakipinga maelezo hayo. Mtoto wa shule ya msingi hahitaji kupewa hukumu, ila anaweza kuelewa kwamba pale panapoonekana patupu kutoka angani, kuna mtu anapaita nyumbani.

Na tumbusi je? Asichukiwe. Ndiye bwana afya wa mbuga: anamaliza mizoga kabla haijaoza na kueneza magonjwa. Wapo wanaozaliana kwenye kuta za korongo la Olkarien, ndani ya eneo hili hili la Ngorongoro, na huruka juu kuliko anavyodhani mtu. Mwaka 1973 tumbusi wa aina hiyo aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, zaidi ya mita 11,000 angani. Injini moja iliharibika, lakini ndege ilitua salama.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Mbele ya kaburi mtoto anaweza kuuliza: "Huyu amelala?" Ni vyema mzazi akajibu kwa maneno ya wazi kwamba amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, na hasikii baridi wala maumivu. Watoto wadogo huchukua maneno jinsi yalivyo. Akiambiwa kwamba mtu "amelala", anaweza kuanza kuogopa kitanda chake mwenyewe.

Ubaridi wa kingo za kreta huwashangaza wengi, hasa asubuhi, kwa hiyo kofia, soksi na sweta visikosekane hata kama Arusha kulikuwa na jua. Mtoto anayetapika kwenye kona apewe chakula chepesi na akae anapoiona barabara mbele. Familia itakayolala Mto wa Mbu itumie chandarua. Jina la mahali limeshatoa onyo.

Mwenye babu au bibi aliyeishi Kagera au Mwanza mwaka 1979, amchukue kwenye gari kama afya inaruhusu. Anayo habari ya Fishbed na Blinder ambayo haimo kwenye mchezo wowote wa simu.