Ukikohoa Tu, Mtaa Umeshakupa Ngoma!

Kama unaishi Ngaramtoni, mambo ya vifua unayajua. Ikifika Juni baridi inashuka kutoka Mlima Meru, mvua zikikata vumbi linatimka mpaka kwenye chapati. Kila mtu anakohoa. Lakini ole wako ukohoe wiki tatu mfululizo huku suruali inalegea kiunoni! Mtaa mzima utakuwa umeshakupima bila sindano: "Jamaa ana ngoma."

Ndivyo alivyofanyiwa binamu yangu mwaka juzi aliporudi kutoka Mererani. Alikuwa mwanaapolo, miaka minne anatambaa shimoni kutafuta tanzanaiti. Jiwe hakurudi nalo, alirudi na kikohozi. Akawa anajifungia ndani, maana maneno ya watu yalimuuma kuliko kifua. Duka moja la dawa likamuuzia dawa ya kikohozi chupa baada ya chupa, wala hakuna aliyemuuliza ameanza lini.

Na swali ni hilo hilo, jamani. Kikohozi kikifika wiki mbili, kapime kifua kikuu, yaani TB. Kama kuna homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda au makohozi yenye damu, ndiyo usilale kabisa. Siyo lazima dalili zote zije pamoja. Nimonia yenyewe haina subira: ndani ya siku chache mtu ana homa kali, anahema haraka, kifua kinachoma akivuta pumzi. Mtoto mdogo ukiona mbavu zinabonyea ndani akihema, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Pumu inakuja na kuondoka, kifua kinapiga miluzi, hasa usiku au kwenye baridi na moshi. (Wale wanaosema pampu ya pumu inamfanya mtu teja wamewatesa wenzao bure.) Halafu kuna bibi zetu, hawajawahi kushika sigara, lakini wanakohoa kila asubuhi miaka nenda rudi. Moshi wa kuni huo.

Binamu alipimwa makohozi, akakutwa na TB. Akapimwa na ngoma pia, hakuwa nayo. Ni kweli virusi vya ukimwi vinaifungulia TB mlango, ila inaweza kumpata yeyote, kwa hewa na siyo kwa kikombe. Wachimbaji wana balaa la ziada: vumbi la mwamba lina silika, likikwama kwenye mapafu linaacha makovu, na mapafu ya namna hiyo TB inayapenda. Makovu hayana dawa. TB inayo, tena bure.

Dozi ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa za aina 4, miezi 4 iliyobaki aina 2. Mkojo unageuka rangi ya machungwa. Binamu akadhani ndiyo safari imeiva! Hatari yenyewe inakuja baada ya mwezi hivi. Kikohozi kimekata, mtu anakula ndizi sahani mbili, anajiona mzima, anaacha dawa. Wadudu waliobaki wanaweza kurudi wakiwa sugu, na hapo unazungumzia Kibong'oto, kule Siha, hospitali iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya TB na ambayo tangu 2009 inatibu hiyo sugu.

Kwa taarifa yako, ule mpango wa mgonjwa kumeza dawa huku anasimamiwa, ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza kote miaka ya 90, sehemu kubwa ulipikwa hapa Tanzania kuanzia 1977, na daktari Karel Styblo pamoja na wizara yetu. Dunia imeiga kwetu, sisi tunapanga foleni ya dawa ya kikohozi!

Binamu alimaliza dozi. Pumzi haijarudi yote, akipanda kwenda shambani anapumzika mara mbili. Na bado anasema akipata mtaji anarudi Mererani. Shangazi amemjibu kwamba kama ni hamu ya mashimo, choo cha nyumbani kimejaa, aanze na hicho.