Akiba Iozayo

Wahenga wetu walinena ya kwamba akiba haiozi. Ni neno la hekima, wala sithubutu kulipinga. Lakini walionena hivyo waliwaza mtama ghalani, mahindi darini na fedha kibindoni. Hawakuwaza samaki. Samaki ni akiba iozayo, na mtu atakaye kuweka akiba ya samaki hana budi kujifunza elimu mbili pamoja: elimu ya kupika na elimu ya wakati. Katika insha hii nataka kueleza jinsi elimu hizo zilivyonifaa, na kwa nini nadhani zaweza kumfaa kila kijana ambaye siku moja ataondoka nyumbani kwao na kuishi peke yake.

Nilizipata Aberdeen, mji wa bandari ulioko kaskazini-mashariki ya Uskoti, nilikokwenda kusoma. Mchana nilikuwa darasani. Jioni, mara nne kwa juma, nilifanya kazi ya kunipatia kodi ya chumba. Nilirudi chumbani saa tatu za usiku. Baina ya saa hiyo na usingizi palikuwa na saa mbili tu, nazo zilikuwa na wadai wawili: tumbo na kitabu. Tumbo ni mdai asiyekubali kuahirishiwa deni lake. Nilipolilipa kwa kusimama jikoni, kitabu kilirudi mikono mitupu. Nilipolilipa kwa mkate na chai, kitabu kilisomwa na mtu asiye na nguvu za kuelewa. Nilitambua ya kuwa mtihani wangu ungeamuliwa jikoni kabla ya kuamuliwa katika chumba cha mtihani.

Dawa niliyoiona ilikuwa kupika Jumapili chakula cha siku nne. Dawa hii ina masharti, kwani si kila chakula hukubali kungoja. Samaki mwenye nyama kavu, akipashwa moto mara ya pili, huwa kama pamba kinywani. Samoni si hivyo. Ni samaki wa mafuta, na mafuta hayo huilinda nyama yake isikauke upesi. Mafuta yayo hayo ni chakula cha moyo na ubongo. Wakuu wa afya wa Uingereza huwashauri watu kula samaki angalau mara mbili kwa juma, na mara moja kati ya hizo awe samaki wa mafuta. Lakini wameweka na mpaka, kwa sababu samaki hao huweza kubeba uchafu wa bahari: wanaume na wavulana wasizidi mafungu manne kwa juma, wasichana, na wanawake wanaotazamia kuzaa, wasizidi mawili. Kwa hiyo mafungu yangu manne yalikuwa kikomo, na Ijumaa nilikula maharagwe.

Inafaa mlaji amjue amlaye. Samoni huzaliwa katika maji matamu ya mto, hushuka baharini akakulia huko, kisha hurudi katika mto aliozaliwa ili atage mayai. Mto Dee, upitao Aberdeen, ni mashuhuri kwa safari hiyo. Lakini samoni wengi wauzwao madukani humo hawakusafiri; wamefugwa katika vizimba vya baharini, hasa Uskoti na Norwe. Rangi yake ya machungwa hutokana na vidudu vya baharini vya jamii ya kamba alavyo. Yule wa kizimbani hutiliwa rangi hiyo katika chakula chake. Ndugu yake, trauti, si mgeni kwetu. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 yakatiwa katika mito ya Aberdare, na hata leo wamo trauti katika maji baridi ya milima ya Kenya.

Samoni ni ghali, na mfuko wa mwanafunzi ni mwepesi. Lakini Jumapili jioni, karibu na saa ya kufunga, maduka makubwa ya huko hupunguza bei ya vyakula ambavyo muda wake umekaribia kwisha. Hapo nilinunua vipande vinne. Samaki wa namna hiyo hangoji kesho. Alipikwa usiku ule ule.

Mboga hutangulia, kwa maana zilizo ngumu zahitaji muda mrefu kuliko samaki. Nilikata karoti na viazi vipande vya unene wa kidole, nikavipaka mafuta, chumvi na pilipili manga, nikavitandaza katika sinia la bati ndani ya tanuri lenye joto la digrii 200. Wakati vinaiva nilitengeneza mchuzi wa kupaka: vijiko viwili vya asali, viwili vya mchuzi wa soya, maji ya nusu ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, vyote juu ya moto mdogo mpaka mchuzi ukawa mzito wa kushika kijiko. Wajapani, ambao ni mabingwa wa upishi wa namna hii, huuita teriyaki. Teri ni mng'ao, na yaki ni kuchoma. Jina limesema yote.

Baada ya dakika 20 niliongeza mishiri, nikaweka samaki, ngozi yake chini, nikampaka mchuzi kidogo. Uliosalia niliungoja mpaka dakika tano za mwisho. Hapa ndipo penye siri: asali ni sukari, na sukari huungua upesi. Ipakwapo yote mapema hugeuka nyeusi na chungu kabla nyama haijaiva. Ipakwapo mwishoni hung'aa kama shaba iliyosuguliwa. Dakika 12 hadi 15 humtosha samaki. Nyama ikiachana kwa wepesi chini ya uma, ameiva. Mwenye kipimajoto na angoje digrii 63 katikati ya kipande.

Mpishi wa siku moja humaliza kazi hapo. Mpishi wa juma ndipo kwanza anaianza. Vijidudu viharibuvyo chakula hupenda uvuguvugu, na vingine, vikipata joto vilipendalo, huongezeka maradufu kwa muda wa dakika 20 tu. Kwa hiyo chakula hakifai kulala mezani. Chapasa kuingia katika jokofu kabla saa mbili hazijapita. Nilikigawa katika vikopo vinne vifupi, kwani chakula kilichotandazwa hupoa upesi kuliko kilichorundikwa. Vikopo viwili, vya Jumatatu na Jumanne, viliingia katika jokofu. Viwili vya Jumatano na Alhamisi viligandishwa. Na hivyo sikuvitia viazi, maana kiazi kikigandishwa hupoteza ladha na kuwa kama unga uliolowa. Kila kimoja nilikihamisha jokofuni usiku wa kuamkia siku yake kiyeyuke polepole. Nilikipasha mara moja tu, kikiwa kimefunikwa, na kijiko cha maji ndani, mpaka mvuke ukatoka kote.

Yuko mwenzangu wa nyumbani aliyeniona nimevaa aproni akacheka, akaniuliza kama nimekwenda Ulaya kusomea kazi ya wanawake. Nilimjibu ya kwamba mabaharia wa pwani yetu wamejipikia majahazini tangu kale, wala hakuna aliyewavua uanaume wao. Njaa haiulizi aionaye ni mume au mke. Asiyejua kujipikia ni mtumwa wa anayejua, na kama hana wa kumpikia basi ni mtumwa wa duka la chipsi.

Faida yake naweza kuihesabu. Kila juma nilikomboa saa nne, moja kwa kila usiku. Mwaka wa masomo ulikuwa na majuma 30. Hizo ni saa 120. Katika saa hizo nilisoma vitabu ambavyo visingesomwa, na mitihani iliyonitisha nilishinda. Siwezi kusema samaki alinifaulisha, lakini naweza kusema alinipisha.

Wewe msomaji huenda usimwone samoni maishani, na hutapungukiwa kitu. Changu wa Lamu na ngege wa Kisumu hukubali asali, ndimu na tangawizi vile vile, ingawa nyama yao ni kavu zaidi na yataka kupashwa kwa mchuzi. Pasipo jokofu, pika cha leo ule leo, na akiba yako iwe ya maharagwe makavu na omena waliokaushwa vyema juani; wazee wetu waliushinda uozo kwa jua, chumvi na moshi kabla ya umeme kujulikana. Lililo kubwa ni kuijua tabia ya kila akiba. Fedha hungoja miaka, nafaka hungoja msimu, samaki hungoja siku chache, na wakati haungoji kabisa. Basi atumiaye vizuri akiba iozayo hujipatia ile ambayo kweli haiozi, nayo ni elimu.