Moto Mmoja, Misitu Miwili: Ziara Yetu Shimba Hills

Tulitoka Diani baada ya Swala ya Alfajiri, tukapita Ukunda na Kombani, tukapanda hadi Kwale. Kaskazi ilikuwa ukingoni na nyasi zimekauka. Ndani ya hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, tulikuta uwanda mweusi ulioungua. Watoto walihuzunika. Lakini mbele yake, mahali palipochomwa mapema zaidi, majani mabichi yalikuwa yamechipua na palahala wakilisha kwa utulivu. Nchini Kenya, wanyama hao hawapatikani porini ila hapa. Wasimamizi huchoma nyasi kwa mpango, sehemu baada ya sehemu, ili vichaka visimeze malisho.

Kisha tukaifikia misonobari, ambayo watoto waliidhania mivinje ya pwani. Huo ni mti mgeni, uliopandwa kwa ajili ya mbao. Kwao Amerika, misonobari mingi imezoeana na moto. Gome nene huukinga mti. Moto mdogo huteketeza majani makavu yaliyorundikana chini, na mbegu zikapata udongo na jua. Ziko aina ambazo matunda yao yenye magamba hugandishwa kwa utomvu, yasifunguke mpaka yapate joto kali.

Je, moto basi ni rafiki wa kila msitu? La. Misitu yetu ya asili, kama Kaya Kinondo, ngao yake ni kivuli na unyevu. Moto ukipenya, miti mikongwe hufa, nyasi hushika nafasi yake, na nyasi hizo huwaka upesi zaidi mwaka unaofuata. Hata chemchemi za Marere, ziletazo maji Mombasa, zimo katika vilima hivi.

Jioni tulimpitia shangazi yetu Mkongani. Shamba lake, lililopakana na msitu, lilikuwa limefyekwa tayari kuchomwa, na upepo ulikuwa ukivuma. Tukamsimulia tuliyoyaona.

“Wanangu,” akasema, “nisipochoma, takataka hizi nitaziondoa na nani?”

Hatukuwa na jawabu ila mikono yetu. Tulishika majembe, tukalima ukanda mtupu mpakani, tukazirundika takataka katikati ya shamba. Shangazi akaahidi kungoja siku isiyo na upepo, na majirani wawepo na maji. Kisha akakirudisha kibiriti jikoni, akatutengea chai.