Koti la Kijivu

Zamani mtu wa mtaani kwetu, Ilala, akitangaza kwamba anakwenda London mwezi wa Oktoba au Novemba, safari ilikuwa ya mtaa mzima. Wenye ndugu kule walileta vifurushi vya bizari na barua. Wenye haja walileta maagizo. Na waliokwisha kufika walikuja jioni, wakakaa barazani, wakamweleza abebe nini, aache nini, na vingine akanunue wapi. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyomfungia sanduku. Siku hizi kijana anaondoka na simu nzuri na begi la magurudumu manne, majirani wanapata habari kwa picha akiwa tayari kule, na picha zenyewe ukizitazama vizuri unaona amejikunyata.

Nazungumzia safari ya namna moja: siku chache, au wiki mbili, za kukaa London majani yanapopukutika, bila gari. Gari lenyewe mjini mle ni mzigo. Tangu mwaka 2003 linatozwa ada ya msongamano likiingia katikati ya mji, na kuliegesha ni gharama nyingine. Kwa hiyo mgeni anakwenda kwa miguu, kwa basi na kwa treni ya chini ya ardhi, na chochote anachonunua atakibeba kwa mikono yake mpaka anapolala. Hilo likishakaa kichwani, maswali mengi ya nini kinunuliwe na nini kifungwe yanajijibu.

Katika ukoo wetu lilikuwapo koti la kijivu, la sufu nzito, lenye kola pana. Mjomba alirudi nalo alipomaliza masomo, na tangu hapo likawa la wote. Lilikaa kabatini kwa bibi, ndani ya mfuko wa kitambaa, pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu, na harufu ya vidonge hivyo naikumbuka kuliko sura ya koti. Bitana yake ilipochanika makwapani, fundi mmoja wa Kariakoo alitia nyingine ya kanga nyekundu, hivyo mtu akilivua huko ugenini kanga ilionekana. Mfuko wa ndani ulikuwa na utaratibu wake. Kila aliyelirudisha alitoa vitu vyake, isipokuwa karatasi yenye anwani na namba za simu za ndugu walioko London. Hiyo haikuondolewa, na ilipochakaa ilinakiliwa upya. Masharti ya kuliazima yalikuwa machache: lipigwe brashi, lianikwe kivulini, lirudi kabla msafiri mwingine hajaondoka. Walilivaa wanaume na wanawake. Kwa aliye mfupi, fundi alipandisha mikono kwa nyuzi za kufumuliwa baadaye.

Asiye na koti la ukoo alikwenda soko la Karume. Makoti mazito huingia humo ndani ya marobota ya mitumba, na kwa joto la Dar es Salaam wanunuzi wake ni wa kutafuta kwa tochi, kwa hiyo wauzaji huyatundika nyuma kabisa na bei huwa ya kuzungumzika. Ushauri huo ungali mzima mpaka leo. Tazama kibandiko cha ndani kinasema kuna sufu kiasi gani, ingiza vidole mifukoni uone kama bitana imetoboka, pandisha na ushushe zipu mara kadhaa. Koti la namna hiyo ukilinunua dukani kule, fedha zako za wiki nzima zinaweza kuishia hapo.

Pamoja na koti yalikuja maelezo, na huo ndio ulikuwa utajiri wenyewe. London ya Oktoba si ya barafu. Mchana huwa kiasi cha nyuzi 15, usiku nane au tisa. Kinachomtesa mtu wa pwani ni upepo, unyevu, na hali kugeuka ndani ya saa moja. Barabarani unatetemeka, ukiingia kwenye treni joto linakutoa jasho, ukitoka tena jasho lile linakugandia mgongoni. Ndiyo maana waliofika walikataza sweta moja nene. Fulana ya kubana mwilini, shati, sweta jembamba la sufu, kisha koti juu ya vyote, uwe unavua na kuvaa. Mwavuli mkubwa walisema uachwe, kwa kuwa upepo wa kwenye kona za majengo marefu huugeuza. Kofia ya koti au mtandio mzito unafaa zaidi. Tena walikumbusha habari ya saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na tangu siku hiyo jua linatua kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukifika mwisho wa Novemba, saa kumi giza limeanza. Anayengoja jua lipoe ndipo aende sokoni, kama tulivyozoea nyumbani, anakuta meza zinakunjwa.

Ile karatasi ya mfukoni ilimfikisha mtu kwa mama mdogo, mashariki mwa mji. Ameishi Uingereza miaka mingi na hajapata kumiliki gari. Alikuwa na kikapu cha kitambaa cha miraba chenye magurudumu mawili, cha aina wanayokokota bibi wa Kiingereza, na Jumapili asubuhi alikitanguliza mlangoni akawaamsha wageni waende soko la Petticoat Lane. Jina hilo hulikuti kwenye kibao cha mtaa. Tangu karne ya 19 mtaa unaitwa rasmi Middlesex Street, ila watu hawakukubali kuliacha la zamani. Hapo palikuwa na majaketi ya ngozi, makoti, soksi za kuuzwa kwa mafungu, na pembeni, Wentworth Street, maduka ya vitenge na lesi ambako Mnigeria na Mghana wanabishana bei kama wako kwao.

Niliwahi kuandamana naye nikamtazama anavyonunua. Mzunguko wa kwanza pochi haikufunguliwa. Alishika mishono, akageuza nguo ndani nje, akauliza bei bila kuonyesha kwamba anaitaka, akasonga mbele. Mzunguko wa pili alichukua vyepesi, na kizito kilisubiri mwisho, karibu na kituo cha basi. Kila kizito alikiinua kwa mkono mmoja mbele ya muuzaji, akakishikilia kidogo akiwaza ngazi za stesheni, na mara nyingi akakirudisha mezani. Hakuwa akitufundisha kwa maneno. Ila aliyetoka naye sokoni asubuhi moja hakurudi tena alikofikia na sufuria ya chuma mkononi huku mvua inanyesha.

Siku za kazi aliwapeleka watu Shepherd's Bush Market, soko lililojibana kando ya daraja la reli tangu 1914, au duka la Woolworths kwa madaftari, soksi za watoto na peremende za kupima kwa mizani. Woolworths zote zilikuwa zimefungwa kufikia Januari 2009. Maduka ya BHS yalifuata 2016. Nikipita Oxford Street sasa nakuta madirisha yamebadilika, na yale maduka ambayo mama zetu waliyataja kwa heshima, vijana hawajayasikia.

Ya sasa yana mema yake, na mtu asiye na gari ndiye anayefaidi zaidi. Kadi ya Oyster ya kulipia nauli ilianza 2003. Tangu 2014 unagusisha kadi yako ya benki tu kwenye treni, na mwaka huohuo mabasi yaliacha kabisa kupokea fedha taslimu. Ukishalipa basi moja, unapanda mengine bila kulipa tena ndani ya saa moja, na kwa mwenye vifurushi wakati wa mvua hiyo ni nafuu kubwa. Zamani kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow ulichukua treni ya Piccadilly, ikakupeleka mjini taratibu, kisha ukabadilisha njia huku umebeba sanduku ngazini na watu wenye haraka wanakupita kulia na kushoto. Njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, inakutoa Heathrow mpaka Whitechapel, mashariki mwa mji, na lifti zipo mwanzo hadi mwisho. Nilipoipanda mara ya kwanza niliwaza magoti ya mama mdogo.

Ila hapo ndipo uzi ulipokatika. Mgeni hahitaji tena kupokewa, kwa hiyo hapokewi. Hahitaji kuuliza njia, kwa hiyo hafiki nyumbani kwa mtu, hakai mezani, haambiwi. Mtoto wa dada yangu alikwenda Novemba na koti alilokuwa ameliagiza kwa simu lipelekwe hotelini. Lilichelewa, na siku za kwanza alizunguka na jaketi la jinzi. Lilipofika lilikuwa zuri kwa kutazama, jepesi, upepo unapita katikati. Muda wote huo koti la kijivu lilikuwa Ilala, kabatini, limefungwa vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba lipo. Kizazi chake hakikulijua, na waliolijua hawakujua kwamba anasafiri.

Kuhusu fedha, wengi kwetu wana bahasha ya pauni zilizobaki katika safari ya zamani, imewekwa chini ya nguo. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliacha kutumika madukani mwisho wa Septemba 2022. Za tano na kumi zilitangulia. Sarafu ya duara ya pauni moja ilikoma Oktoba 2017. Bahasha isitupwe, kwa kuwa Bank of England, pale Threadneedle Street, bado hubadilisha noti zake za zamani, uwe tu na kitambulisho. Ila usishuke kwenye ndege ukiitegemea hiyo kwa chakula cha siku ya kwanza. Mikahawa mingi mjini haipokei tena fedha ya mkononi ya aina yoyote.

Kurudi nako kumekuwa kwingine. Zamani mfuko wa rambo wenye jina la duka la London ulikuwa zawadi kamili. Ulikunjwa, ukawekwa chini ya godoro, ukatoka siku ya harusi ukiwa na kitenge ndani. Sasa England wenyewe wanautoza, peni tano tangu Oktoba 2015 na kumi tangu Mei 2021, na kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, hata abiria anayeshuka uwanjani haruhusiwi kuingia nayo. Beba mikoba ya kitambaa ya kukunjika, miwili au mitatu. Ndiyo ya sokoni, na ndiyo ya kugawia mzigo siku ya kuondoka. Tena usihesabu kurudishiwa kodi ya mauzo uwanja wa ndege kama wazee walivyofanya. Tangu mwanzo wa 2021 mgeni harudishiwi kodi ya vitu anavyobeba mwenyewe kutoka London, kwa hiyo bei unayoiona dukani ndiyo bei.

Mama mdogo amehamia kwa binti yake, nje ya London, na kikapu cha miraba amekwenda nacho. Simu yake bado anaipokea. Wanaoomba namba wamepungua sana, nami huwapa hata wasioomba. Mwaka jana nilimpa binti wa jirani aliyekuwa anajiandaa kwenda kwenye mafunzo, na koti la kijivu tulikuwa tumelianika uani tayari. Nilidhani mama mdogo ataanza na koti. Alianza na viatu: vya aina gani, soli gani, umeshavivaa siku ngapi? Majani yakilowa juu ya zile sakafu za mawe yanateleza, akasema, na kiatu kipya kitakuchubua kabla hujafika stesheni. Wakazungumza karibu saa nzima. Mwishoni alimwambia apunguze gauni moja sandukuni apate nafasi ya jozi ya pili, kwa sababu kiatu kikilowa jioni, chumbani hotelini hakikauki mpaka asubuhi.