Jioni za Kibaha, Jumamosi za Kurui

Shule binafsi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza zilipoanza kuota Tanzania katika miaka ya 1990, walimu hawakutosha. Tangu 1967 shule za msingi za Serikali zilikuwa zikifundisha kwa Kiswahili, na walimu wenyewe walikuwa wamelelewa humo humo. Wenye shule wakatazama kaskazini. Kwetu Kenya nako Serikali ilisitisha ajira mpya za walimu mwaka 1998, na vijana wenye vyeti vya ualimu tulibaki majumbani tukivitazama. Ndivyo Wakenya na Waganda wengi tulivyofika Arusha, Moshi, Dar es Salaam, na mwishowe Pwani, tukatafutiwa vyumba vya kupanga na kukabidhiwa chaki.

Mimi nilishuka Maili Moja, Kibaha, mwaka 2006. Basi la kutoka Nairobi lilikuwa linaendelea Ubungo, na abiria wengine hawakuelewa kwa nini Mkenya mwenye sanduku kubwa anateremka kabla ya jiji. Sikujuta hata siku moja. Kibaha ilikuwa na nafasi, ilikuwa na miembe, na walimu wa kigeni haikuanza kuwaona kwetu. Mwaka 1963 nchi za Nordic zilianzisha pale mradi wa shule, afya na mafunzo ya wakulima, zikauendesha mpaka 1970 zilipoukabidhi kwa Serikali ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Wazee wa Tumbi, hapo hapo Kibaha, waliwakumbuka wale walimu Wazungu wa zamani. Kwa hiyo mimi, Mluhya kutoka Kakamega, nilikuwa mgeni wa kawaida tu.

Kazi yenyewe sitaieleza kwa kirefu, maana anayejua shule ya inglishi midiamu anaijua. Magari ya njano alfajiri, uji saa nne, madaftari ya kusahihisha mpaka macho yanauma, wazazi wanaotaka mtoto wa chekechea aseme Kiingereza kufikia Krismasi. Ninachotaka kukumbuka ni saa zilizobaki, kwa kuwa humo ndimo nilimoishi.

Jioni nilikaa kwa muuza kahawa. Alikuja na birika lake juu ya jiko la mkaa akivigonganisha vikombe, na wanaume walijua ni saa ngapi bila kutazama saa. Kahawa chungu, kashata ya karanga, redio ya mtu mmoja ikisomea watu kumi. Ikifika saa kumi na mbili unusu, kelele hukatwa: Dira ya Dunia ya BBC. Baada ya taarifa ndipo ubishi unapoanza, na mimi nilikuwa naulizwa habari zote za Kenya kana kwamba nilikuwa balozi. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wetu kuingia damu, maswali yale yalibadilika. Hakuna aliyenitania. Mzee mmoja, fundi cherehani, alikuwa akinilipia kahawa kila jioni bila kusema kwa nini, na jirani yangu aliniazima simu yake yenye salio ili nimpigie mama. Watu wale walinibeba mwezi ule. Nimekutana na maneno mengi kuhusu ubaridi kati ya Wakenya na Watanzania. Mimi nasema niliyoyaona kwa muuza kahawa wa Maili Moja.

Siku za mpira tulikwenda kibanda umiza, banda la mabati lenye mabenchi na televisheni moja, joto la kuchemsha yai. Nilikuwa shabiki wa AFC Leopards tangu utotoni, lakini Kibaha huwezi kuishi bila kuwa Simba au Yanga. Hata mwenye duka atataka kujua kabla hajakukopesha sukari. Boniface Ambani, Mkenya mwenzangu, alipokuja kuifungia Yanga mabao, suala langu lilikwisha. Walinihesabu Yanga wao bila kuniuliza.

Kijiji cha Kurui nilikifahamu kupitia mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, mzaliwa wa huko. Kwenda kwao tulizunguka kupitia Dar es Salaam, tukapanda vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe. Njia ile ni ya walimu. Pugu ndipo Julius Nyerere alipofundisha aliporudi kutoka Edinburgh, mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Mbele kidogo ipo Minaki, chuo ambacho wamisionari wa Kianglikana walikihamisha kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925. Mwenzangu alinionyesha vyote hivyo dirishani kwa fahari ya mwenye nyumba. Baada ya Kisarawe ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, kisha bodaboda, na mara nyingine miguu.

Nyumbani kwao kulikuwa na mikorosho mpaka macho yanapoishia. Tulifika msimu wa korosho, mwishoni mwa mwaka, mabibo yamedondoka mekundu na ya manjano chini ya miti na harufu yake tamu imejaa uwanja mzima. Mama wa mwenzangu alinikaribisha kwa mihogo ya kuchemsha na kisamvu cha nazi kabla sijatua mkoba. Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, umetoka mbali, kula kwanza." Kwetu Kakamega tunaiogopa mihogo kidogo, tunaiona chakula cha mwaka mbaya. Ule wa Kurui ulipasuka mdomoni kwa unga wake, na sijaionea aibu mihogo tena.

Mchana ulikuwa wa bao. Babu wa nyumba ile alikuwa na bao la mti mzito, kingo zake zimelainika kwa mikono ya miaka mingi, na kete za komwe ndani ya kibweta. Nilidhani najua, kwa sababu kwetu tuna mchezo wa namna hiyo. Babu alipanga kete sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba, mbili na mbili pembeni yake, ishirini na mbili akabaki nazo mkononi. Hapo ndipo kunamua kunapoanza: unaingiza moja moja, ukila unasambaza ulichokula kuanzia kichwani, na kila uamuzi unakufuata mpaka mtaji, kete za mkononi zikishaisha. Babu hakunieleza kanuni hata moja. Alinikalisha ubavuni mwake niangalie watu wawili wakicheza, kisha wengine wawili. Nilipouliza kwa nini mtu fulani hakula ilhali angeweza, alisema, "Angalia mkono wake wa tatu kuanzia huu, mwalimu." Baada ya mikono mitatu nikaona. Siku nyingi zilipita ndipo akanipa kete nicheze, na nilipokosea hakucheka mtu, mchezaji mwingine alirudisha kete mahali pake na kuuliza tu, "Ungefanyaje?"

Kwenye baraza hilo hilo ndipo watoto walipoanza kunijia. Miaka ile shule za sekondari za kata zilikuwa zikijengwa kila mahali, na watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba walikuwa wanaingia kidato cha kwanza. Ghafla karibu kila somo likawa la Kiingereza. Kijana mmoja alikuja na daftari la Biolojia, akanisomea ukurasa mzima kuhusu usagaji wa chakula mwilini, kwa kichwa, bila kukosea hata herufi. Nikamuuliza chakula kikitoka kinywani kinapita wapi. Akakaa kimya. Babu akamkatia kipande cha muhogo, akamwambia, "Tafuna, umweleze mwalimu kinakwenda wapi." Kijana akatafuna na kueleza kwa Kiswahili: meno, mate, koo, tumbo, utumbo mwembamba. Alipomaliza njia nzima nikamwomba aipite tena, safari hii akinipa kila hatua kwa Kiingereza chake mwenyewe, si cha daftari. Sentensi zilikuwa fupi na zilikuwa na makosa, lakini zilikuwa zake na alijua zinasema nini. Jumamosi iliyofuata walikuja saba.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Kazi bora zaidi niliyoifanya Tanzania niliifanya siku za mapumziko, bila mshahara, kwenye mkeka, watoto wakifikiri kwa Kiswahili. Wakati huo huo zipo shule, za Kenya na za Tanzania, ambako mtoto akiteleza kwa lugha ya nyumbani huvishwa kibao shingoni akakivaa mpaka amkamate mwenzake. Nilivaa kibao hicho nikiwa mdogo. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika habari zake katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, na kila aliyepitia anajua kuwa mtoto wa kibao hujifunza jambo moja, kunyamaza. Darasani kwangu Kibaha sikukitumia kamwe, na niliyazungumza haya na wakuu wangu waziwazi. Anayetaka watoto wajue Kiingereza kweli, awaruhusu kwanza wawe na la kusema.

Usiku wa Kurui, kukiwa na mwali anayetolewa, mdundiko ulipita barabarani na kijiji chote kikaufuata, wazee kwa vijana, mpaka nyumba ya sherehe. Ngoma ile haikai mahali. Inatembea na watu wake. Nami nilitembea, na akina mama wakanifundisha hatua kwa kunishika bega.

Mwaka 2015 ilitungwa sheria mpya ya ajira za wageni, vibali vikawa vigumu na ghali, na walimu wengi wa Kenya tulifungasha. Sikuona kosa la mtu katika hilo. Nchi ina haki ya kuwapa kazi wanawe, na miongoni mwa walimu vijana walioingia nafasi zetu walikuwemo Watanzania waliokuwa wamesoma kwetu sisi. Nilikwenda Kurui kuaga. Babu alikuwa amedhoofika na hakucheza, ila alikaa akatazama mchezo wangu mpaka mwisho na kunisahihisha mara mbili.

Sasa nafundisha Kakamega. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa watoto hutegua vitendawili: wanaanza kwa lugha wanayoitaka, Kiluhya au Kiswahili, kisha wanavihamishia kwenye Kiingereza, na darasa linasaidia palipokwama. Yule kijana wa muhogo ni tabibu Mlandizi. Mara kwa mara hunipigia simu, na tukishajuliana hali huniuliza kama bado nacheza bao.