Safari ya Ngomeni

Wahenga waliosema tembea uone hawakukosea, ila hawakueleza kwamba yapo mengine ambayo mtu huyabeba kutoka kwao na kwenda kuyaona ugenini. Ndivyo ilivyomsadifu mwanafunzi mmoja wa uzamili alipojiunga na wenzake wa Kiswahili katika safari ya kitaaluma kutoka Nairobi kwenda Mombasa, kuizuru Ngome ya Yesu.

Basi liling'oa nanga alfajiri na mapema. Masafa ya kilomita zipatazo 480 si haba, lakini vijana walisahau umbali kwa nyimbo, vitendawili na ule ubishi usiokwisha kuhusu Sheng na Kiswahili sanifu. Huko Mtito Andei walishuka wakanywa chai na kunyoosha miguu. Baada ya hapo ikawa ni mibuyu, udongo mwekundu wa Tsavo na malori yaliyosheheni makontena. Wakapita Manyani bila mtu kutia neno. Vilima vya Taita vilipojitokeza upande wa kulia, kijana mmoja kutoka Nyeri alimgeukia mwanafunzi yule.

"Dada, si kwenu huku?"

"Ndiko."

"Basi Mombasa mnao jamaa wengi."

"Hatuna," alijibu, akakitazama kioo cha dirisha.

Jibu hilo lilikuwa nusu ya ukweli. Katika miaka ya 1950 babu yake aliwahi kukaa Mombasa mwaka mzima. Nyumbani ilisemwa kwamba alikuwa na kibarua bandarini. Ni nyanya yake aliyemnong'onezea, siku moja wakichambua mboga, kwamba babu alishindwa kulipa kodi ya serikali ya kikoloni, akafungwa, na kwamba alifungwa ngomeni. Mzee mwenyewe hakulitaja jambo hilo hadi alipokata roho. Mjukuu wake, angali shule ya msingi, aliwahi kumwonyesha picha ya Ngome ya Yesu katika kitabu cha historia. Babu alikichukua kitabu, akakifunga, akamrudishia.

Siku ya pili asubuhi wanafunzi walilakiwa langoni na mwongozaji, mzee wa Mji wa Kale aliyevaa kanzu na kofia. Baada ya kuitikia shikamoo zao, aliwapitisha katika historia ya jengo hilo kwa utaratibu wa mtu anayesimulia habari za jirani zake. Wareno waliijenga ngome kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu majengo kutoka Italia, juu ya jabali la matumbawe linalotazama mlango wa bandari. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa ambaye Wareno walikuwa wamemlea Goa na kumbatiza, aliwaasi na kuiteka. Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, wakaitwaa. Wamazrui nao walitawala humo hadi Seyyid Said alipoishika Mombasa mwaka 1837. Hapo wanafunzi walitazamana, kwa maana hizo ndizo enzi za Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita waliyemzoea darasani. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela, na ikabaki jela hadi mwaka 1958. Leo ni makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia.

Wenzake walipotawanyika kwenda kupiga picha kando ya mizinga, mwanafunzi yule alibaki nyuma.

"Mzee, wafungwa walilala wapi?" aliuliza, akijitahidi swali lisikike kuwa la kitaaluma.

"Humu humu, mwanangu. Vyumba vingi vya jela vilibomolewa ili majengo ya kale zaidi yaonekane. Lakini kuta ni zile zile." Akamtazama kidogo. "Kuna mtu wako aliyekuwa hapa?"

Hakujibu. Mzee hakumshurutisha. Aliwaita wote na kuwapeleka penye mabaki ya msingi, katikati ya ua.

"Hapa palikuwa na kanisa la Wareno. Nyinyi wasomi wa lugha, neno gereza limetoka wapi?"

"Igreja!" sauti kadhaa zilijibu kwa pamoja. "Ni Kireno, maana yake kanisa."

Walilijua neno hilo tangu mwaka wa kwanza, katika mhadhara wa maneno ya mkopo, pamoja na meza, leso na bendera. Walikuwa wamelijibia mtihani, wakapata alama, wakalisahau. Kumbe kanisa lilikuwa ndani ya ngome, na jina likaenea hadi kwenye ngome yenyewe. Huko Kilwa Kisiwani ngome huitwa Gereza hata leo. Ngome zilipotiwa wafungwa, jina likawafuata wafungwa.

Mwanafunzi yule alisimama pale hata wenzake walipoondoka. Neno ambalo jamaa zake walilikwepa kwa zaidi ya nusu karne, wakasema kibarua, wakasema bandari, lilianza likiwa jina la nyumba ya sala. Majina ya makapteni na magavana yalikuwa yamehifadhika katika historia aliyotoka kuisikia. La babu yake hakulitarajia. Lakini akitazama zile kuta alijiuliza aibu hii ilikuwa ya nani: ya mtu aliyekosa shilingi za kodi katika nchi yake, au ya yule aliyevuka bahari kuja kuzidai?

Siku ya tatu, walipoikaribia Voi wakirejea, ni yeye aliyemgeukia yule kijana wa Nyeri.

"Juzi uliniuliza kama tuna jamaa Mombasa. Babu yangu alikuwa huko. Alifungwa mle ngomeni."

Kijana alinyamaza kwanza. "Pole, dada. Alirudi?"

"Alirudi. Nyanya husema alishuka stesheni ya Voi, akatembea hadi nyumbani, mkononi ana kifurushi cha chumvi."

Nyimbo zilikuwa zimekoma na baadhi ya wenzao walikuwa wakisikiliza. Baada ya muda kibao cha Manyani kilionekana kando ya barabara. Kijana wa Nyeri alikikazia macho.

"Babu yangu mimi alizuiliwa hapa," alisema. "Wakati wa Hali ya Hatari. Juzi tulipita nikanyamaza."

Dereva aliombwa asimame, naye akasimama kwa dakika chache. Hakuna aliyepiga picha.

Watakaoandaa ziara nyingine ya Ngome ya Yesu watafanya vyema kuchukua madaftari na kamera, kama ilivyo ada. Kabla ya hapo, kila mmoja na aketi kwanza na wazee wa kwao na kuwauliza ni neno gani wasilolitamka, na kwa nini.