Mama Anapokuja Zambezi

Kuna habari ambazo kila mmishonari aliye mbali na kwao huzingoja kwa hamu na kwa wasiwasi pia: "Tumechanga nauli, mama anakuja kukuona." Hamu haina haja ya kuelezwa. Wasiwasi unatoka hapa: nyumba unayolala si yako, pesa za jikoni si zako, na kazi haiwezi kusimama eti kwa sababu umepata mgeni.

Ndugu msomaji, huenda nawe una shangazi mtawa, kaka padri au binamu mhubiri aliyetumwa nchi ya mbali. Huenda umewahi kuwaza kufunga safari umtembelee. Basi nifuate hadi mji wa Livingstone, kusini kabisa mwa Zambia, ambako mimi, binti wa Kitui, ninahudumu katika zahanati ya misheni. Nikueleze ilivyokuwa mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 68, alipokuja kukaa nasi majuma mawili.

Anza na safari. Ndege kutoka Nairobi hadi Lusaka haizidi saa tatu hivi, na ukishuka unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa maana msafiri atokaye Kenya huulizwa. Kutoka Lusaka unapanda basi na kwenda kusini kama kilomita 470. Unavuka mto Kafue, unapita mashamba ya miwa ya Mazabuka, kisha Monze, Choma, Kalomo na Zimba. Hii ndiyo nchi ya Watonga, watu wapendao ng'ombe kama roho zao. Mama aliyatazama malisho yale akatikisa kichwa. "Hawa watu wana nyasi," akasema, "nasi tuna mawe."

Ukifika, usitarajie jumba. Watu wengi nyumbani hudhani kwamba aliye ng'ambo ana mali. Mtawa hana mshahara wake mwenyewe. Chochote kinachopatikana huingia katika mfuko mmoja, na mkuu wa jumuiya ndiye anayeidhinisha matumizi. Hata mgeni huombewa ruhusa, akapangiwa chumba na zamu ya kuoga kulingana na maji yaliyopo. Mama alipewa chumba kidogo karibu na jiko, chenye kitanda, meza na chandarua. Alikikagua, akakaa kitandani, akanong'ona, "Kumbe ndivyo mnavyoishi!"

Lugha haikumshinda kama nilivyodhani. Kitonga ni ndugu wa lugha zetu. Maji wanayaita "maanzi", na kwa Kikamba ni "manzi". Mtu ni "muntu", nasi twasema "mundu". Asubuhi wanasalimiana "Mwabuka buti?" nawe unajibu "Kabotu." Mtu wa heshima hutajwa kwa "ba" mbele ya jina lake, kwa hivyo siku ya pili tu mtaa mzima ulikuwa ukimwita "Bamaama". Akina mama wa parokia walikunja magoti kidogo na kupiga makofi taratibu walipomsalimu. Yeye akadhani wanamtunza kama bibi harusi!

Na chakula je? Ugali wao huitwa nshima, nao ni laini kuliko wetu. Huliwa na kapenta, ambao ni dagaa wa Ziwa Tanganyika waliopandikizwa katika Ziwa Kariba katika miaka ya 1960, au na mboga za majani zilizoungwa kwa njugu karanga zilizosagwa. Lakini kilichomfurahisha mama ni kukuta dukani mahindi yaliyokobolewa, ambayo wao huyaita "samp". "Hii si muthokoi hii?" akauliza kwa sauti ya kuwageuza wateja wote. Jumapili hiyo aliwapikia watawa watano wa nchi nne tofauti, na sufuria haikubaki na kitu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nakwambia, kwa mzazi anayetembelea misheni, methali hii ni dawa. Mimi nilikuwa zahanati tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Ningemwacha nyumbani akitazama ukuta, angeugua upweke. Akajipatia kazi mwenyewe. Alikuwa amekuja na kiondo ambacho hajakimaliza. Akatoka nacho hadi chini ya mti ambapo akina mama husuka vikapu. Watonga, hasa wa bonde la Gwembe, wanasifika kwa vikapu vyao vya majani ya mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi. Wao hawakujua Kikamba, naye hakujua Kitonga zaidi ya salamu. Hata hivyo nilipotoka kazini niliwakuta wameshikana mikono, huyu akimfundisha yule namna ya kuanza kitako.

Usidhani kwamba yote yalikuwa vicheko. Usiku wa tatu, stima ikiwa imepotea na tumewasha mshumaa, mama aliniuliza swali alilokuwa amelibeba kutoka Kitui. "Mwanangu, baba yako hayupo. Ndugu yako yuko Mombasa na watoto wake. Nimekuja kukuona, ndiyo, lakini nimekuja pia kukuuliza. Nikiugua, nani atanipa maji? Siku ya kunizika utakuwa wapi?"

Nilimweleza ukweli: sijui. Mtawa hujitolea, akatumwa. Anaweza kuomba ruhusa ya kwenda kuuguza mzazi, na mara nyingi hupewa, lakini hawezi kuahidi tarehe. Mama hakujibu. Alizima mshumaa kwa vidole, akanitakia usiku mwema.

Swali lile si geni katika mji huu. Mji wenyewe unabeba jina la David Livingstone, mmishonari kutoka Scotland aliyefika kwenye maporomoko ya Zambezi Novemba 1855. Mkewe, Mary, mwenyewe binti wa wamishonari wa Kuruman, Afrika Kusini, alikuwa amepelekwa Uingereza na watoto mwaka 1852 ili mumewe asafiri. Livingstone aliporudi kwenye maporomoko mwaka 1860, sasa akiongoza msafara wa serikali ya Uingereza, alikuwa na mdogo wake Charles, aliyempa kazi katika msafara huo. Charles hakupatana na wenzake, na ugomvi ukaingia kambini. Mary naye alimfuata mumewe huko Zambezi mwaka 1862. Miezi michache baadaye homa ikamuua, akazikwa Shupanga, Msumbiji. Kwa hivyo jamaa anayekuja kwenye misheni anaweza kuleta faraja, anaweza kuleta mgawanyiko, na zamani zile aliweza hata kupoteza maisha. Siku hizi ndege, chandarua na dawa za malaria zimepunguza hatari hiyo ya mwisho. Zile mbili za kwanza bado zi mikononi mwa mgeni na mwenyeji wake.

Jumamosi ya pili nilipewa ruhusa ya siku nzima, tukaenda kwenye maporomoko, yaliyo kama kilomita 10 kutoka mjini. Ilikuwa Aprili, majira ambayo mto umejaa. Kabla hujaona chochote unasikia ngurumo, kisha unaona wingu jeupe likipanda juu ya miti. Wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Tazama lile neno "mosi", msomaji. Mswahili hahitaji mkalimani!

Maji hayo yana upana wa mita 1,708, na yanaanguka kina cha mita 108 hivi. Kuna kijia na daraja jembamba la miguu linaloyakabili. Kodi koti la mvua, lakini ujue utalowa tu. Chungeni pia nyani, maana hunyang'anya mfuko wa chakula mchana kweupe. Kule mbele utaona daraja la reli lililokamilishwa mwaka 1905, linalounganisha Zambia na Zimbabwe. Mama alisimama katikati ya daraja la miguu, leso imelowa chapa, akiangalia upinde wa mvua ulio chini ya miguu yake. Mtu wa Kitui, anayejua thamani ya debe moja la maji, alitazama kwa muda mrefu bila neno. Mwishowe alisema, "Na haya yote yanapita tu?"

Tukiwa tunarudi tulikutana na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni kwa chitenge. Aliponiona alisimama, akamwonyesha mama yule mtoto, akaeleza kwa ishara na Kiingereza kidogo kwamba mtoto alizaliwa usiku katika zahanati yetu, akiwa hapumui vizuri, nami nilikuwa zamu. Kisha akamshika mama mikono miwili akasema, "Twalumba, Bamaama." Maana yake ni asante. Hakunishukuru mimi. Alimshukuru aliyenizaa.

Mama hakuniambia kwamba amekubali niendelee kukaa huku, na sikumlazimisha aseme. Asubuhi ya kuondoka aliniachia kiondo, kikiwa na kitako cha Kikamba na ukingo wa Kitonga. Akasema kwamba akifika atamwomba ndugu yangu amjengee mwanawe mkubwa nyumba karibu na yake, "ili wewe usilale ukiniwaza." Hilo lilitosha.

Basi wewe unayepanga kumtembelea ndugu yako mmishonari, shika haya machache. Mwulize mapema ni lini kazi yake inapungua, na nyumba ina nafasi ya watu wangapi. Usiende na orodha ya karo na mabati, kwa kuwa utamtia aibu mbele ya wenzake. Peleka majani ya chai ya nyumbani, picha za watoto waliozaliwa, na mikono iliyo tayari kufanya kazi. Kama una swali zito, usiliache nyumbani, liulize. Lakini uliulize mkiwa wawili, kisha ukae siku za kutosha kuwaona watu anaowahudumia. Huenda jibu ukalipata kwao kabla hajalitamka yeye.